Benchi la Mlangoni

Mchungaji wetu wa sasa, kijana mwenye viatu visivyojua tope, alikuja nyumbani kwangu na katibu wa ushirika. Akaniambia kanisa letu linatimiza miaka hamsini na wanataka kuandika historia yake, kijitabu cha kurasa arobaini pamoja na picha.

"Mzee wangu," akasema, "katika wale wa mwanzo umebaki peke yako. Tunataka utusimulie."

"Wa mwanzo tulikuwa tisa," nikamwambia. "Nyinyi mmeandika wangapi?"

Akamtazama katibu. Katibu ni mwalimu wa shule ya msingi, binti mwenye sauti ya chini, huniita babu ingawa hatuna udugu. Akafungua daftari. "Nane, babu."

"Basi historia yenu imeanza na uongo. Nendeni salama."

Hawakwenda. Mchungaji akajikohoza. Akasema jina la yule wa tisa lilipigwa mstari kwenye kitabu cha ushirika zamani sana, yeye hajazaliwa, na hawezi kulirudisha bila maandishi kwamba mhusika alirudi kundini. Ila kuna ukurasa wa shukrani mwishoni. "Tunaweza kumweka pale, mzee wangu. Pamoja na waliosaidia usafi."

Usafi! Nilisimama nikashika mlango wazi mpaka wakatoka. Yule wa tisa ni mke wangu.

Mimi hapa watu huniita Randa. Ni seremala, na wanasema ulimi wangu ukipita juu ya mtu haumwachi bila maranda. Sikatai. Shule niliiacha darasa la nne, lakini wakubwa wa kanisa nawajua kama ninavyozijua mbao: ile iliyopakwa rangi sana ndiyo iliyooza. Mke wangu walimtenga. Akakaa miaka kumi na tisa nje ya Meza ya Bwana, akafa huko huko nje. Mwaka huu ni wa tisa tangu nimzike, na muda wote huo nimewaambia wanaotaka kusikia na wasiotaka: wakubwa ndio waliomzika, mimi nilishika sepetu tu.

Nitaandika historia yenyewe, na aliyeachwa nitamtia.

Tulianzia kwenye banda la mashine ya kusaga iliyokufa. Watu tisa, tumebatizwa mtoni siku moja, tumeshakuwa watu wazima na akili zetu, kwa maana sisi Wamenonite hatubatizi watoto wachanga. Hatukuwa na kinanda. Tuliimba kwa sauti nne, na tulipofika kwenye pambio unga wa zamani ulidondoka kutoka kwenye kenchi za paa, tukatoka ibadani vichwa vyeupe kama wazee wa mbinguni. Mke wangu alikuwa ndiye anayeanzisha wimbo. Alikuwa na sauti ya kwanza iliyonyooka, huwezi kuipoteza hata ukitaka.

Mabenchi nilitengeneza mimi. Kumi na mawili yalikuwa ya mbao nzuri. La kumi na tatu nililiunga kwa vipande vilivyobaki, Jumamosi, haraka haraka, nikaliweka karibu na mlango. Lilikuwa la wageni.

Taratibu zetu ni chache. Hatushiki silaha. Hatuapi, wala mahakamani. Ndiyo yetu ni ndiyo na siyo yetu ni siyo, basi. Kabla ya kushiriki Meza tunaoshana miguu, wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake, halafu tunakumbatiana. Na jambo zito likiletwa mbele ya ushirika, hatuhesabu mikono. Anayekubali husimama. Mmoja tu, asiye mshtakiwa mwenyewe, akibaki amekaa, shauri haliendi, linangoja msimu mwingine. Mmoja tu. Shika hapo.

Mabeseni sita na taulo ishirini na nne vilikaa nyumbani kwetu, kwa kuwa mke wangu ndiye aliyevitunza. Alizichemsha taulo mpaka zikawa nyeupe kuliko roho zetu.

Sasa palikuwa na mkunga. Muumini mwenzetu, shoga yake mke wangu, ndiye aliyewapokea watoto wetu wote wanne. Siku moja mwanamume mmoja wa huko bondeni alifariki, ndugu zake wakataka shamba, wakasema mtoto aliyeachwa hakuzaliwa katika nyumba ile. Mkunga akaitwa mahakamani kueleza. Hakimu akamwambia ainue mkono aape. Mama wa watu akaangalia yule mtoto ameshikilia sketi ya mama yake, akainua mkono, akaapa. Shamba likabaki kwa mtoto.

Wakubwa wetu walikuwa wawili: mchungaji mzee, na shemasi tuliyemwita Rula kwa kunyooka kwake. Wakasema ameapa, na neno liko wazi. Mkunga akatengwa. Asile nasi, asioshwe miguu, mpaka atubu. Alipoambiwa atubu akauliza, "Nimrudishe na mtoto tumboni?" Akaenda zake.

Wiki ya Meza iliyofuata, mke wangu akachukua beseni moja la kanisa na taulo moja ya kanisa, akavuka kijito hadi kwa mkunga, akamkalisha uani kwenye kigoda, akamuosha miguu mchana kweupe. Rula alikuwa anapita hapo akitafuta ndama wake aliyepotea. Ndama hakumpata.

Mke wangu hakuficha. Alirudi, akaanika ile taulo mbele ya nyumba, akaniambia, "Mkiniuliza nitasema ndiyo. Na maji yalikuwa ya uvuguvugu."

"Umetafuta balaa la bure," nikamwambia.

"Baba watoto, yule mwanamke ameingiza mikono yake mpaka kwenye roho yangu mara nne. Mimi nimegusa nyayo tu."

Akatengwa na yeye. Hivyo ndivyo nimekuwa nikisimulia: wakubwa wawili, neno moja, mke wangu nje. Na watu wakiniuliza, "Kwani wewe Randa ulikuwa wapi?" nilijibu nilikuwa safarini, nimefuata mbao.

Juma moja baada ya kuwafukuza, katibu alirudi peke yake. Nilikuwa karakanani nanoa patasi. Alikuwa amekumbatia kitabu kikubwa chenye jalada la kitambaa, kimeliwa na mende pembeni.

"Babu, nimekipata kitabu cha mihtasari. Kilikuwa darini kwa mzee Rula."

"Kumbe huko ndiko mnakoficha dhambi zenu."

Akacheka kidogo. Akaketi juu ya gogo, akafungua alipoweka unyoya wa kuku kama alama. "Nataka nimwandike bibi inavyostahili. Nimemwambia mchungaji, ukurasa wa usafi hapana. Lakini lazima niseme ilikuwaje. Naomba nikusomee, uniambie kama ni kweli."

"Soma."

Akasoma. Siku, mwezi, waliohudhuria thelathini na wawili. Shtaka. Majibu ya mshtakiwa: ndiyo. Halafu akapunguza sauti, ile sauti yake ya chini ikawa chini zaidi. "'Wanaokubali wakatakiwa kusimama. Wote walisimama isipokuwa mshtakiwa. Mume wake alisimama wa kwanza.'"

Patasi ilikuwa mkononi mwangu. Nilitazama makali yake kana kwamba ndiyo yaliyozungumza.

"Babu, siku hii ulikuwa wapi?"

"Safarini," nikasema. "Nilifuata mbao."

Akafunua ukurasa. Chini palikuwa na sahihi, moja moja, ya kwanza kabisa ni yangu. Hati yangu ya darasa la nne, herufi zimelala upande kama uzio uliopigwa na upepo. Binti yule aliitazama kwa muda. Anaijua hati yangu. Kila mwaka namwandikia orodha ya madawati mabovu ya shule.

Akafunga kitabu taratibu. "Basi labda mwandishi alikosea," akasema. "Mimi nitaandika 'wote walisimama.' Inatosha. Haina haja ya kutaja nani alitangulia."

Akaniaga kwa heshima, akaondoka. Ningeshukuru angenitukana. Mtoto wa kuzaliwa juzi ananifunika nguo kama mtu aliyelewa barabarani, na mimi nakubali kufunikwa.

Nyani haoni kundule. Miaka yote hii nimeonyesha makalio ya wakubwa.

Sasa nieleze. Siku tatu kabla ya kikao kile, mchungaji mzee alipita karakanani. Alisema anataka kupima mimbari mpya. Akapima, akapiga piga mbao, halafu akasema, "Randa, mwezi ujao tunapiga kura ya shemasi wa pili. Jina lako limetajwa." Nikajifanya natafuta penseli, nayo iko sikioni. Akaendelea, "Lakini unajua maandiko. Mtu asiyeweza kuisimamia nyumba yake…" Hakumalizia. Alichukua futi yake ya kupimia akaenda.

Mimi, seremala wa darasa la nne, jina langu limetajwa! Nilijiona nimekaa mbele, nageuza uso kwa watu. Rula asinifundishe tena namna ya kupanga mabenchi niliyoyatengeneza mwenyewe.

Siku ya kikao mke wangu alikuwa upande wa wanawake, amekaa, mikono juu ya mapaja. Mchungaji aliposema wanaokubali wasimame, watu wakaanza kutazamana. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Watu walimpenda. Nikaona mchungaji ananitazama, mimi tu. Ningebaki nimekaa, shauri lingekufa pale pale au lingengoja msimu mwingine, na msimu mwingine watu wangekuwa wamepoa. Nikasimama. Nikasikia benchi langu limelia, halafu mabenchi mengine yote yakalia nyuma yake.

Mke wangu hakunitazama usoni. Alitazama miguu yangu. Aliitazama kama mtu anayehakikisha ni ya nani. Kisha akachukua kikapu chake, akapita katikati, akakaa kwenye benchi la mlangoni.

Nyumbani alinipakulia chakula kama kawaida. Nikamwambia, "Ningefanya nini? Wakubwa walishaamua."

"Wakubwa walikuwa wawili, baba watoto. Waliosimama ni thelathini na mmoja. Kula, chakula kinapoa."

Na ile kura? Waliweka vitabu vitatu vya nyimbo mezani, kimoja ndani yake kina karatasi ya ushemasi. Tulikuwa watatu tuliotajwa, kila mtu akachukua chake. Nilifungua changu, nikakung'uta, nikakung'uta tena. Hakikuwa na kitu ila nyimbo. Karatasi ilimwangukia fundi baiskeli, naye baada ya miaka miwili alihama na baiskeli ya watu.

Tangu siku ile mke wangu alikaa kwenye benchi lile la mlangoni kila Jumapili, na hakuanzisha wimbo tena. Walitafuta mtu wa kutunza taulo, na kila aliyepewa alizirudisha za njano. Mwishowe mke wa Rula akawa anazileta kwetu kwenye mfuko, kupitia mlango wa jikoni, bila neno. Mke wangu alizichemsha, akazianika, akazikunja. Kwa miaka kumi na tisa kanisa zima likapanguswa miguu na taulo za mwanamke aliyekatazwa kupanguswa, na mimi nikiwa miongoni mwa waliopanguswa. Mara mbili wakubwa walimjia atubu. "Nitubu nini?" akawaambia. "Niliulizwa, nikasema ndiyo. Mnataka sasa niseme ndiyo yangu ilikuwa siyo? Si ndiko huko kuapa uongo?" Rula alivaa kofia akiwa bado ndani ya nyumba, kwa hasira.

Kitu kingine kidogo. Gauni lake la Jumapili, la bluu, lilichanika kila mara, nyuma, chini kidogo ya kiuno. Kila baada ya majuma mawili matatu yuko na sindano. Nilimgombeza. "Wewe unakaaje, kama mtoto? Nguo zote zinatoboka mahali pamoja!"

"Kikulacho ki nguoni mwako," alijibu, akakata uzi kwa meno, akacheka peke yake. Sikumuuliza.

Alipougua, miguu ilivimba. Ilifika mahali nikawa namwogesha mimi. Niliosha mgongo, mikono, nikashuka hadi magotini. Akanishika mkono.

"Miguu acha," akasema. "Usije ukakosa Meza."

Alisema kwa utani. Nusu yake ulikuwa utani. Mtu mwenye akili angecheka, akachovya kitambaa, akaosha. Mimi niliacha. Niliacha kweli! Nilikamua kitambaa nikamwaga maji nje. Mkunga ndiye aliyevuka kijito kila siku, mzee mwenzetu, na magongo mawili, kuja kuosha miguu ile, na ndiye aliyeiosha mara ya mwisho ilipokuwa baridi. Mimi nilisimama mlangoni nikawalaani wakubwa.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kifuani ilipofika Jumamosi ya amani. Ni kikao kinachotangulia Meza. Kila mshiriki husimama kwa zamu na kusema, "Nina amani na Mungu na watu." Asiyesema, Meza haifanyiki mpaka asikilizwe. Safari hii Meza ilikuwa ya sherehe ya miaka hamsini. Askofu anakuja kesho yake, wageni wamealikwa, maturubai yameshafungwa nje.

Zamu ikapita benchi kwa benchi. Ikafika kwangu. Nikabaki nimekaa.

Mchungaji akangoja. Akatabasamu. "Mzee wetu ana shida ya miguu leo. Unaweza kusema ukiwa umekaa, mzee wangu."

"Miguu yangu mizima," nikasema. "Ndiyo kesi yenyewe."

Watu wakacheka, walidhani ni Randa na mambo yake. Nikawaambia. Sikupamba. Nilisema nilikuwepo. Sikufuata mbao. Nilisimama wa kwanza, kwa ajili ya kitabu cha nyimbo kisicho na karatasi. Nikasema na habari ya miguu niliyoiacha. Nilipofika hapo nikamalizia kwa kuonyesha kwa mkono tu magotini, nilipoishia kuosha.

Mchungaji alifuta paji la uso. "Mzee wangu, tunakusikia. Unataka tufanye nini? Marehemu hawezi kurudishwa kundini. Hawezi kuulizwa."

Katibu akasimama, kitabu kikubwa kifuani. "Mchungaji, kanuni haisemi kuhusu aliyetengwa. Inasema kuhusu waliosimama. Ndiyo iliyotolewa kwa kusimama, inaondolewa kwa kukaa."

"Umeitoa wapi hiyo?"

"Ukurasa wa tatu. Mchungaji mzee aliiandika kwa mkono wake."

Tuliosimama siku ile na bado tuko hai ni watano. Tukaambiwa tusimame tulipo. Anayetaka kuondoa ndiyo yake akae. Nikasimama mara ya pili katika shauri la mke wangu. Nikakaa, nami nikalisikia benchi. Wa pili alikuwa mke wa Rula, yule wa mfuko wa taulo, alikaa kwa kishindo kama aliyengoja ruhusa miaka ishirini na minane. Mshonaji akakaa. Muuza maziwa akakaa analia.

Akabaki Rula. Sasa hajanyooka tena, ameegemea fimbo, lakini alisimama.

Mkewe akamvuta koti. "Kaa, mzee. Kaa, tafadhali."

"Niache." Akanitazama, hakuwa na hasira, na hilo sikulitegemea. "Randa, nikikaa kwa huyu, nitawakalia wangapi? Mkunga je? Na wale wengine? Nitakaa mpaka niingie ardhini. Siwezi."

Miaka yote ningemrukia. Siku ile nilimwona mzee anayeogopa kuketi. Siwasamehi wakubwa, waandike hivyo. Mchungaji mzee alijua analolifanya alipokata ile sentensi yake katikati. Lakini miguu ilikuwa yangu.

"Basi," mchungaji akasema, "shauri halijakwisha. Hayumo ndani, hayuko nje. Linangoja msimu mwingine."

"Na shauri lisilokwisha," katibu akadakia, "huandikwa kitabuni kwa jina kamili la mhusika, tangu alipobatizwa. Ukurasa ule ule wa tatu."

Katibu akaketi, akatoa kalamu. Nilikwenda nikasimama nyuma yake nikaangalia jina linavyoandikwa, herufi kwa herufi, la tisa katika wale tisa. Chini yake akaanza, "Wote walisimama," akasita, akanigeukia.

"Andika yote," nikamwambia.

Akaandika: mume wake alisimama wa kwanza.

Kesho yake askofu alikuja. Meza ilifanyika, kwa sababu mimi nilikubali wafanye bila mimi mpaka shauri liishe. Mabeseni yalipotolewa nilitoka upande wa wanaume, nikapita katikati, nikakaa kwenye benchi la mlangoni. Sikuwahi kulikalia tangu nilitengeneze.

Waliimba kwa sauti nne. Niliegemea, kitu kikanichoma mgongoni chini ya kiuno. Nikapeleka mkono. Ncha ya msumari. Nilikuwa nimepigilia ubao wa kuegemea kwa msumari mrefu kuliko ubao, Jumamosi ile ya haraka, ukatokeza upande wa pili kiasi cha punje ya mchele. Ncha imeng'aa kwa kusuguliwa, na penye ungio umenasa uzi wa bluu.

Nyumbani nina nyundo tatu na koleo mbili. Jumapili nne zimepita, nakaa pale pale. Bado sijaung'oa.